UZI: Fairchild T-46, ndege ya mafunzo iliyopaa vizuri ikafia mezani

#1 Mzee wa Propela

Wakuu salaam.

Kule kwenye uzi wa Tucano, ile ndege ya mafunzo ya propela, kuna mtu aliniuliza imekuwaje Wamarekani wakafundishia marubani wao ndege ileile tangu babu mpaka mjukuu. Nikamjibu "muulize T-46", nikaondoka zangu. Kurudi nakuta maswali kibao yananingoja. Haya, kahawa iko pembeni, tuanze.

Ndege yenyewe iliyofundisha hao mababu inaitwa Cessna T-37. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1954. Injini mbili ndogo za jeti, viti viwili ubavu kwa ubavu, mwanafunzi kushoto na mkufunzi kulia. Ilikuwa na mluzi! Mluzi wa kutoboa masikio, ndiyo maana waliipachika jina la Tweet, yaani mlio wa ndege mdogo. Marubani wenyewe waliitania kuwa ni mashine ya kugeuza mafuta kuwa kelele.

Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Injini zake zilikuwa za kizazi cha mwanzo cha jeti, zinakunywa mafuta bila huruma. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, jeshi lenye mamia ya ndege za aina hiyo zinazopaa kutwa kucha likaanza kuumwa tumbo. Halafu chumba cha rubani cha T-37 hakikuwa na mfumo wa kushikilia hewa, yaani wa kuibakiza ndani hewa ya kutosha mkiwa juu sana, kwa hiyo mwisho wake ni futi 25,000. Mawingu mabaya yakitanda, huwezi kumpandisha mwanafunzi juu yake mkaendelea na somo huko kwenye jua. Mnarudi chini kunywa chai.

Basi Jeshi la Anga likatangaza zabuni ya ndege mpya ya mafunzo ya awali: nyepesi, viti viwili, injini mbili zinazobana mafuta, chumba chenye hewa yake. Aliyeshinda, mwaka 1982, ni Fairchild Republic wa Farmingdale, kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Mpango ulikuwa kununua ndege 650.

Zilizotengenezwa ni tatu.

Naendelea, msijibu kwanza.

#2 KijanaWaKipunguni

Nimekaa hapa mkuu, mkeka nimetandika.

#3 Mzee wa Propela

Nimesema msijibu, lakini sawa.

Fairchild Republic haikuwa kampuni ya kichochoroni. Kiwanda kile cha Farmingdale ndicho kilichotoa ndege za kivita P-47 Thunderbolt wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, baadaye F-105, na baada yake kikashiriki kuunda A-10, ile ndege ya kuvunja vifaru yenye mzinga puani. Kumbukeni hiyo A-10, maana oda zake zilikuwa zinakwisha mwanzoni mwa miaka ya 80. Kampuni ilikuwa inatafuta kazi ya kushika mikono ya watu wake kabla karakana haijapoa.

Kabla ya kushinda walifanya jambo moja la akili sana. Badala ya kupeleka michoro tu, walimfuata Burt Rutan, yule mbunifu wa Mojave, California, mwenye ndege za ajabu ajabu, akawachorea kindege cha kurushwa na mtu kweli chenye ukubwa wa asilimia 62 ya ndege halisi. Kilikuwa na vijiinjini viwili vya jeti vya Kifaransa, Microturbo, na kiliruka mwaka 1981. Kwa gharama ndogo wakajua jinsi umbo lile linavyokaa hewani, linavyopoteza mwendo, na linavyotoka kwenye mzunguko wa kuporomoka. Kwa ndege ya mwanafunzi hilo la mwisho ni roho ya mtu. Mwanafunzi lazima ataikosea, na ikishaanza kuzunguka inabidi imsamehe.

Umbo lenyewe: bawa limekaa juu ya mwili, injini zimejificha chini ya mabawa pembeni mwa kiwiliwili, na mkia una mapezi mawili, moja kila upande. Ukimjua dada yake A-10 utaona sura ya ukoo hapo kwenye mkia. Kwa mbele ni pana, kama uso wa chura aliyetulia, kwa sababu watu wawili wanakaa bega kwa bega.

Injini zake Garrett F109, mbili, zilibuniwa mahsusi kwa ajili yake. Shikeni hilo la injini, nitalirudia.

#4 fundi_bati

Samahani mkuu, mimi wa magari. Kwa nini bega kwa bega? Ndege za kivita si wanakaa mmoja mbele mwingine nyuma?

#5 SafariYaWilson

Ngoja nimjibu huyu maana nililipita hilo. Mimi nilianzia kindege cha mafunzo cha Cessna 152 hapo uwanja wa Wilson, Nairobi. Mle ndani mko wawili na magoti yanagusana, ukiwa mnene mkufunzi anakusikia ukihema. Lakini faida yake niliiona siku ya tatu tu. Nilikuwa nimeshika usukani kama nakaba kuku, vidole vyeupe. Mkufunzi hakusema neno, akagonga kifundo cha mkono wangu kwa kalamu. Nikalegeza. Ndege ikanyooka yenyewe. Angekuwa nyuma yangu asingeona mkono wangu, angeona tu ndege inayumba na kuanza kunifokea redioni.

Upande wa pili, wanaosema mmoja mbele mmoja nyuma nao wana hoja: mwanafunzi anazoea mapema kuwa peke yake katikati ya ndege, kama atakavyokaa kwenye ya kivita. Tucano za Kenya ziko hivyo.

#6 Mzee wa Propela

Umenitoa jasho mkuu SafariYaWilson, hiyo ya kalamu ni nzuri kuliko aya zangu zote.

Tuendelee. Sasa tunafika kwenye aibu.

Februari 1985, Farmingdale. Kampuni inaitoa ndege hadharani kwa sherehe. Wakubwa wa jeshi wapo, wanasiasa wapo, wafanyakazi na familia zao wapo. Milango inafunguliwa, ndege inatoka, nyeupe, inang'aa, watu makofi.

Ilikuwa haijakamilika. Vipande vilivyokosekana ndani yake vilizidi 1,200.

Rudieni kusoma. Elfu moja mia mbili na zaidi. Kwa mbali huoni kitu. Ni kama bwana harusi aliyeazima suti, nyuma imeshikwa na pini, anaomba tu asigeuke. Tarehe ya sherehe ilishapangwa, kadi zilishakwenda, kwa hiyo wakaitoa hivyohivyo.

Jeshi lilipojua, likaudhika. Likaingia kiwandani kukagua, na walichokiona kwenye uendeshaji hakikuwaridhisha, malipo ya kazi yakaanza kubanwa. Kwa mtengenezaji ambaye tayari amechelewa, kubaniwa malipo ni kukabwa koo.

Ndege ikaja kupaa kweli tarehe 15 Oktoba 1985 huko kituo cha jeshi cha Edwards, California, miezi kadhaa nyuma ya ratiba.

Na sasa kitu kinachouma: ilipopaa, ilipaa vizuri. Haikuwa jeneza lenye mabawa. Hewa ndani, injini tulivu ukilinganisha na mluzi wa Tweet, ulaji wa mafuta mdogo. Kazi iliyotumwa kufanya iliiweza.

#7 MtotoWaMboziBoy

Sasa kama ilipaa vizuri waliiua kwa nini? Mbona haieleweki?

#8 fundi_bati

Mimi nimeshaelewa hata kabla hajamaliza. Walichukua kazi kwa bei ya chini. Si ndiyo?

#9 Mzee wa Propela

Fundi, wewe ni mchawi.

Mkataba ulikuwa wa bei iliyofungwa. Ukizidisha gharama ni zako. Na Fairchild, kwa ile njaa ya kazi baada ya A-10, walitaja bei ya kushindia zabuni, haikuwa bei ya kutengenezea ndege. Hapo ndipo mimi naona kifo kilipoanzia. Yale mengine yote, sherehe ya uongo, ucheleweshaji, ni homa tu. Ugonjwa wenyewe ni namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya zabuni mwaka 1982.

#10 fundi_bati

Nikupe kisa. Kuna mwaka kampuni moja ya mabasi madogo ilinipa kazi ya kunyoosha na kupiga rangi magari manane. Wenzangu walitaja bei, mimi nikashusha nusu maana nilikuwa nadaiwa kodi ya gereji. Gari la kwanza likanila, la pili likanila. Kufika la tatu nikaanza kupaka putti nene, ile rojo ya kuziba mabonde ambayo sumaku haiishiki, pale ambapo nilitakiwa kukata bati na kuchomelea. Tajiri akaja na sumaku mkononi, akaibandika kwenye mlango, ikadondoka chini tii! Hakusema kitu. Alichukua magari yake matano yaliyobaki akaondoka.

Hiyo sherehe ya Februari nimeiona kama vile nilikuwepo.

#11 KijanaWaKipunguni

Sumaku ikadondoka tii 😂😂😂 fundi umetisha

#12 Bi Mkubwa wa Chumbageni

Mimi nipingane kidogo na mwenye uzi, kwa heshima. Lawama zote unamtupia mtengenezaji. Jeshi je? Desemba 1985 bunge lao lilipitisha sheria ya kubana nakisi ya bajeti, ile ya Gramm, Rudman na Hollings. Kila wizara ikaambiwa kata. Sasa jenerali wa anga ukimwambia achague kati ya ndege ya kivita na ndege ya kufundishia watoto, atakata ipi? Ndege ya mafunzo haina mtetezi kwenye meza hiyo. Hata Fairchild wangekuwa malaika, 1986 panga lingewapitia.

Nimefanya kazi za bajeti miaka mingi. Fungu la mafunzo huwa la kwanza kukatwa, kila mahali. Hii haihitaji Marekani.

#13 Mzee wa Propela

Bi Mkubwa shikamoo. Hoja nzito na nusu yake naikubali. Ni kweli mwaka 1986 Jeshi la Anga liliiondoa T-46 kwenye mipango yake na kusema T-37 zitafanyiwa ukarabati ziendelee.

Ila nikuulize: panga likipita, linaanzia kwa nani? Si kwa yule aliyekwisha kuudhi watu? Kama ndege ingekuwa kwenye ratiba na bei yake ileile, ingekuwa na wa kuitetea. Ilifika kwenye hiyo meza tayari ina faili la makosa.

#14 Bi Mkubwa wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Ilikuwa na wa kuitetea lakini. Yule seneta umemruka?

#15 Mzee wa Propela

Nilikuwa nakuja huko! Ngojeni, hii ndiyo sehemu niliyoianzishia uzi.

Kiwanda kiko New York, na New York ilikuwa na seneta anaitwa Alfonse D'Amato, Mrepublikani, aliyekulia huohuo upande wa Long Island. Kwake T-46 haikuwa ndege. Ilikuwa ajira za watu waliompigia kura, maelfu.

Katika Seneti ya Marekani seneta akishapewa nafasi ya kuzungumza, kwa desturi yao anaweza kuendelea bila kukoma na hakuna wa kumkalisha, ilimradi asimame na aendelee kutoa maneno. Akikaa imekwisha. Oktoba 1986, mswada wa fedha za jeshi uko mezani bila fungu la T-46, D'Amato akasimama.

Akaongea saa 23 na nusu.

Usiku kucha. Maneno ya ndege yakaisha, ya ajira yakaisha, akafika mahali anasoma kitabu cha simu. Majina na namba za watu, ukurasa baada ya ukurasa, ukumbi umebaki na watu wa zamu wanaosinzia. Wakati huo aliyekuwa amemzidi kwa muda ni mmoja tu, Strom Thurmond, saa 24 na dakika 18, mwaka 1957. Na Thurmond alisimama kupinga haki za watu weusi kupiga kura. Huyu alisimamia kindege cha mafunzo. (Mwaka 2025 Cory Booker aliwapita wote wawili kwa saa 25 na dakika 5.)

#16 MtotoWaMboziBoy

Saa 23 bila kwenda chooni?? Wa kwetu akipewa dakika tano tu, dakika tatu anamshukuru spika.

#17 KijanaWaKipunguni

Kitabu cha simu! Ungekuwa wewe ndiye umesomwa namba yako saa tisa usiku bungeni 😂

#18 SafariYaWilson

Na huyo mzee alizoea. Mwaka 1992 alisimama tena zaidi ya saa 15 kwa ajili ya kiwanda cha mashine za kuchapa kilichokuwa kinahamishia ajira Mexico. Safari hiyo akaimba kabisa.

#19 fundi_bati

Ikasaidia? Ya ndege.

#20 Mzee wa Propela

Haikusaidia. Alipata kuisogeza siku, hakupata ndege. Mwaka uliofuata, 1987, Fairchild walifunga kiwanda cha Farmingdale. Kiwanda kilichopeleka Thunderbolt vitani kikazimwa taa kwa sababu ya ndege ya viti viwili. Sehemu ya eneo lile leo ni maduka, watu wanaegesha magari na kusukuma vitoroli.

Na haikuwa T-46 peke yake iliyowaelemea. Walikuwa pia wabia wa Saab kwenye ile ndege ya abiria, Saab-Fairchild 340, wao wanatengeneza mabawa. Mwaka 1985 wakajitoa kwenye ubia, ndege ikabaki Saab 340 tu. Kwa hiyo Bi Mkubwa, huyu mgonjwa alikuwa anavuja damu sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Chekesho la mwaka 1986: Rutan, yuleyule aliyewachorea kile kindege kidogo, mwezi Desemba ndege yake Voyager ilizunguka dunia nzima bila kutua wala kuongeza mafuta, siku tisa, rubani mmojawapo ni kaka yake Dick. Mwaka uleule T-46 inazikwa.

#21 Bi Mkubwa wa Chumbageni

Hapo kwenye kuvuja damu sehemu mbili nimekuelewa. Bado nasema panga lingewapitia. Lakini nakubali walilinyooshea shingo.

#22 Nahodha wa Bagamoyo

Nimechelewa, nasoma toka juu. Swali: T-37 zilikuja kubadilishwa na nini sasa?

#23 Mzee wa Propela

Na propela mkuu! Jina langu linajitetea lenyewe.

Walikaa wakikarabati, wakikarabati, mpaka mwaka 1995 wakachagua T-6 Texan II kutoka Beech, ambayo damu yake ni Pilatus PC-9 ya Uswisi. Injini moja ya tabo inayozungusha panga mbele, viti mmoja mbele mmoja nyuma. Yaani baada ya kuhangaika na jeti mbili za bega kwa bega, jibu likawa kinyume chake kila upande. Mafuta kidogo, matengenezo rahisi, viti vya kujirusha, hewa ndani. Tweet ya mwisho ilistaafu mwaka 2009. Tangu 1954 hesabuni wenyewe.

Binafsi naona walifika mahali sahihi kwa njia ya matope. Ungenipa shule nifungue leo, ningechukua propela. Lakini ningebaki na viti vya bega kwa bega, kwa ajili ya ile kalamu ya SafariYaWilson.

#24 SafariYaWilson

🙏🏾 Kalamu yenyewe ilikuwa Bic ya bluu, kifuniko kimetafunwa.

#25 Nahodha wa Bagamoyo

Na hizo tatu ziko wapi?

#26 Mzee wa Propela

Ya kwanza iko kwenye makumbusho ya Edwards, hapohapo ilipopaa. Nyingine iko kwenye makumbusho ya taifa ya Jeshi la Anga, Ohio. Na kile kindege cha Rutan cha asilimia 62 kilirudi nyumbani, kiko makumbusho ya Long Island. Ukikitazama picha zake, rubani amekaa mle kama mtu mzima kwenye baiskeli ya mtoto.

#27 MtotoWaMboziBoy

Ulisema utarudia habari ya injini. Usitukimbie.

#28 Mzee wa Propela

Vizuri umenikumbusha, nilikuwa nafunga.

Injini ya F109 ilikuwa tayari, imejaribiwa, haina ndege. Ubelgiji nako kampuni moja, Promavia, ilikuwa inaunda kijeti chake cha mafunzo, viti viwili bega kwa bega, kinaitwa Jet Squalus. Mchoraji ni Stelio Frati, yule Mwitaliano wa ndege ndogo ya SF.260, ambayo watu wa Zaire (Kongo ya leo), Burundi na Uganda wanaijua maana majeshi yao ya anga yaliitumia. Squalus ikachukua injini ya ukoo huohuo wa F109, moja badala ya mbili, ikapaa mwaka 1987. Kizuri, kidogo, mistari ya Frati, ukikiona utataka kukigusa.

#29 fundi_bati

Usiniambie.

#30 Mzee wa Propela

Hakuna aliyekinunua. Walizunguka nacho kwenye maonyesho miaka na miaka, mwisho kampuni ikafilisika.

#31 fundi_bati

Hiyo injini ina mkosi. Mimi gari likija gereji limeshaua wenye gereji wawili, sifungui boneti.

#32 Bi Mkubwa wa Chumbageni

😂 Ukiambiwa bei nusu?

#33 fundi_bati

Bi Mkubwa, nimeshasema nina kodi ya gereji.